Ronda Rousey: bingwa aliyeandika kitabu kabla ya kushindwa

Video ya sekunde 14 haili mega nyingi. Hata kijana wa Makobola anayenunua mega za franga kidogo anaweza kuipokea, kuiangalia na kumrushia mwenzake kabla kifurushi hakijaisha. Ndani yake wanawake wawili wanasimama katika uwanja uliozungushiwa waya. Kengele inalia, mmoja anamrukia mwenzake kwa goti, wanabiringika chini, na kabla mtazamaji hajakaa vizuri mkono wa yule aliyerukia umekwisha kukunjwa kinyume. Anapiga kiganja kusalimu amri. Imekwisha.

Mshindi wa ile video ni Ronda Rousey wa Marekani. Ilikuwa Los Angeles, tarehe 28 Februari 2015, na aliyeshindwa anaitwa Cat Zingano, mpiganaji ambaye mpaka siku ile hakuwa ameshindwa na mtu. Miezi mitatu hivi baadaye, mwezi wa tano, Rousey akatoa kitabu cha maisha yake, My Fight / Your Fight, yaani Pambano Langu, Pambano Lako. Alikiandika pamoja na dada yake Maria Burns Ortiz, mwandishi wa habari. Wakati huo alikuwa na miaka 28, alikuwa bingwa wa dunia, na hakuna mwanamke aliyekuwa amemshinda katika mchezo wake. Miezi sita baadaye alilala chini, akili haipo, mbele ya watu zaidi ya 56,000.

Kile kitabu kinasomwa tofauti kabisa na mtu anayejua mambo ya ile miezi sita.

Mchezo wenyewe unaitwa MMA. Ni mchanganyiko wa ngumi, mateke, mieleka, judo na kukabana chini. Pambano la ubingwa lina raundi 5, kila raundi dakika 5. Unaweza kushinda kwa pointi, kwa kumwangusha mwenzako asiweze kuendelea, au kwa kumkaba au kumkunja kiungo mpaka apige kiganja. Rousey alikuwa mtu wa hiyo njia ya mwisho. Silaha yake ilikuwa mkono: alikushika, akakuangusha, akakupindua, na kiwiko chako kikawa kimelala juu ya nyonga yake kikiningoja kuvunjika.

Hakuipata silaha ile barabarani. Mama yake, AnnMaria De Mars, alikuwa bingwa wa dunia wa judo mwaka 1984, Mmarekani wa kwanza kufika pale. Ndani ya kitabu Rousey anasimulia namna mama huyo alivyokuwa akimwamsha asubuhi: anamrukia kitandani na kumkamata mkono, ili mtoto azoee kujitetea hata akiwa na usingizi. Wamama wengi watacheka wakisoma pale. Wengine watatikisa kichwa. Lakini mtoto alijifunza, na alipoumia goti akiwa na miaka 16, mwaka ambao hakuweza kurusha watu akiwa amesimama, alitumia miezi ile kufanya kazi ya chini peke yake. Ndiyo sababu mkono ukawa jina lake.

Kabla ya hapo kulikuwa na msiba. Baba yake, Ron, alivunjika mgongo akiteleza kwenye theluji pamoja na watoto, na ugonjwa wa damu aliokuwa nao ulifanya asipone. Alipoambiwa kwamba hali itazidi kuharibika, alijiua. Ilikuwa mwaka 1995 na binti alikuwa na miaka 8. Kurasa zinazozungumza juu ya baba ndizo nzuri kuliko zote ndani ya kitabu, juu hazijaribu kumfundisha msomaji kitu chochote.

Sehemu nyingine zinafundisha, tena sana. Sura ni fupi fupi na nyingi zinafunguliwa na somo: namna ya kuvumilia maumivu, namna ya kukataa jibu la hapana, namna ya kuamini kwamba wewe ni wa kwanza hata kama dunia nzima haijajua bado. Na mwandishi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikwenda Olimpiki ya Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 17, akarudi mikono mitupu. Mwaka 2008 huko Beijing alishindwa katikati ya mashindano, akapanda tena kupitia njia ya walioshindwa, akapata medali ya shaba katika uzito wa kilo 70. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata medali ya judo tangu mchezo huo ulipokubaliwa rasmi kwa wanawake katika Olimpiki mwaka 1992. Medali haikumpa chakula. Alirudi nyumbani akafanya kazi katika baa, na kwa muda fulani alilala ndani ya gari lake.

Alipoingia MMA, mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2011 mkubwa wa kampuni ya UFC, Dana White, aliulizwa lini wanawake watapigana kwake, akajibu kwamba haitatokea hata siku moja. Ilichukua miaka miwili hivi. Tarehe 23 Februari 2013 Rousey alipigana na Liz Carmouche, pambano la kwanza la wanawake katika historia ya UFC, na lilikuwa ndilo pambano kubwa la usiku ule. Kwa hiyo anayesema kujiamini kulimwangamiza Rousey aseme pia kwamba bila kujiamini kule, wanawake wote waliokuja nyuma yake wangechelewa kupata pa kupigania.

Sasa tuhesabu sekunde. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2013 Miesha Tate alimsumbua mpaka raundi ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtoa Rousey nje ya raundi ya kwanza. Baada ya hapo zilikuja hizi: Sara McMann, sekunde 66. Alexis Davis, sekunde 16. Zingano, sekunde 14. Bethe Correia, huko Rio de Janeiro tarehe 1 Agosti 2015, sekunde 34. Ukijumlisha unapata sekunde 130. Mapambano manne ya ubingwa, muda wa mwaka mmoja na nusu, na jumla ya kazi yote mbele ya watu ni dakika 2 na sekunde 10. Chungu cha bugali kinachukua muda mrefu kuliko hapo.

Watu waliona zile sekunde wakasema huyu hashindiki. Magazeti yalisema hivyo, televisheni ilisema hivyo, sinema zilimwita. Lakini sekunde 130 zinaficha pia maswali. Akipigwa ngumi ya pua dakika ya kwanza, anafanya nini? Akimfuata mtu asiyetaka kushikwa, anayerudi nyuma na kupiga huku anarudi, anabadilisha mpango au anaendelea kukimbilia? Akikaa kwenye kiti baada ya raundi mbaya, nani anamwambia ukweli? Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakujua. Ushindi wa haraka haukumpa nafasi ya kuulizwa.

Wazee wa kwetu wanaijua hii hadithi kwa jina lingine. Tarehe 30 Oktoba 1974, nchi ikiitwa Zaïre, George Foreman alipanda ulingoni Kinshasa akiwa ameshinda mapambano 40 bila kushindwa, 37 kati yake kwa kuangusha watu. Joe Frazier na Ken Norton, wanaume wawili waliokuwa wamemshinda Muhammad Ali, hawakumaliza raundi mbili mbele yake. Ali akaegemea kamba, akajifunika, akamwacha apige. Raundi ya tatu, ya tano, ya saba: Foreman alikuwa amefika mahali ambapo kwa muda mrefu hakuwa amefika, na mikono ilikuwa mizito. Raundi ya nane akaanguka. Watu wanapenda kusema Ali alimshinda kwa akili, na ni kweli. Ila mazoea ya kumaliza kazi mapema yalimsaidia Ali pia.

Huko Melbourne, Australia, tarehe 15 Novemba 2015, mwanamke aliyesimama mbele ya Rousey aliitwa Holly Holm. Wacheza kamari hawakumpa nafasi. Alikuwa bingwa wa zamani wa ngumi, mrefu, mwenye kutumia mkono wa kushoto, mtu wa kusogea pembeni. Rousey alimfuata moja kwa moja tangu kengele ya kwanza, na kila alipofuata alikutana na ngumi. Mwisho wa raundi ya kwanza alikuwa ametoka damu na anapumua kwa mdomo. Sekunde ya 59 ya raundi ya pili, Holm alimpiga teke la shingo na taya kwa mguu wa kushoto. Pambano lote lilichukua dakika 5 na sekunde 59, karibu mara tatu ya yale manne ya nyuma yakiwekwa pamoja.

Kuna jambo juu ya Holm ambalo wengi walilipita haraka. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2011, akiwa bado katika ngumi, alipigwa vibaya na Mfaransa Anne Sophie Mathis, akaangushwa raundi ya saba. Picha zake zilikuwa za kutisha. Alirudi ulingoni na mwanamke yule yule mwezi wa sita mwaka 2012, akamshinda kwa pointi. Kwa hiyo siku ya Melbourne walikutana watu wawili: mmoja alikuwa ameshalala chini kama bingwa na kujua kwamba asubuhi inafika, mwingine alikuwa na kitabu kinachosema namna ya kushinda.

Si haki kusema kitabu kile hakikujua kushindwa. Athens imo, Beijing imo, kulala ndani ya gari kumo. Tatizo ni kwamba ndani yake kila kuanguka ni ngazi ya kupanda, kwa sababu kiliandikwa na mtu aliyekuwa juu ya ngazi wakati huo. Akiangalia nyuma, kila kitu kilionekana kilikuwa na maana. Hakuna sura ya kuanguka ambako haijulikani kama kutakuja kitu baadaye. Na mwandishi hakuwa ameificha. Alikuwa hajaiishi.

Dalili zilikuwepo. Muda mfupi kabla ya Melbourne, mama yake alitoka hadharani akamkosoa vikali mwalimu wa binti yake, akisema kazi yake haifai. Mama bingwa wa dunia, yule wa kuamsha watu kwa kuwakamata mkono! Maneno yake yalichukuliwa kama ugomvi wa familia. Ni vigumu kumsikia mtu anayelalamika wakati mapambano yanaisha kwa sekunde 34.

Yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko teke lenyewe. Aliporudi Marekani alipita uwanja wa ndege akijifunika uso kwa mto. Mwezi wa pili mwaka 2016 alizungumza kwenye televisheni, akaeleza kwamba ndani ya chumba cha matibabu, siku ile ile, mawazo ya kujiua yalimpitia; alijiuliza yeye ni nani kama si bingwa tena. Msomaji akumbuke baba yake alikufa namna gani. Mtu anayepatwa na mawazo kama hayo, awe mpiganaji, mwanafunzi aliyeanguka mtihani au mfanyabiashara aliyepoteza mtaji, asibaki peke yake usiku ule: amwambie mtu wa nyumbani, jirani au muuguzi wa kituo cha afya, na waliosikia wasimwache.

Alirudi mara moja tu katika miaka ile. Tarehe 30 Desemba 2016, Las Vegas, Amanda Nunes wa Brazil alimmaliza kwa ngumi katika sekunde 48. Safari hii sekunde chache zilikuwa za mwingine. Mwaka 2018 aliingia katika orodha ya heshima ya UFC, mwanamke wa kwanza, na mwaka huo huo akaanza kazi katika mieleka ya maonyesho.

Halafu, mwezi wa nne mwaka 2024, kikatoka kitabu cha pili, tena na dada yake: Our Fight, Pambano Letu. Humo anafungua mlango ambao cha kwanza kiliufunga. Anaeleza kwamba tangu utoto wake katika judo aligonga kichwa mara nyingi, akapata mitikisiko ya ubongo, na akaificha. Aliogopa kuzuiliwa asicheze. Alifundishwa kuvumilia, naye alivumilia. Anasema alipofika Melbourne kichwa chake kilikuwa tayari kimeumia, kupunguza uzito kulikuwa kumemchosha, na kinga ya meno haikumkaa vizuri, hata ngumi za mwanzo zikamtoa katika akili.

Mashabiki wengi walikasirika. Walisema ni visingizio, kwamba miaka tisa imepita na bado hamtolei Holm heshima yake. Wana sehemu ya haki: teke la Holm lilikuwa teke safi, na mpango wake ulikuwa mzuri hata dhidi ya mtu mzima wa afya. Lakini mambo yale mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na la pili lina faida kwa watu wengi zaidi. Ukiweka vitabu vyote viwili kando kando, utaona kwamba yale mafundisho ya kuvumilia ya mwaka 2015, yenye nguvu na ya kuvutia, ndiyo pia yaliyomfundisha msichana kufunga mdomo wakati kichwa kinauma.

Hilo linatuhusu hata sisi tusiokuwa na uzio wa waya. Mtikisiko wa ubongo haumchagui bingwa. Unapatikana kwenye judo, karate na ngumi, kwenye mpira watoto wakigongana vichwa, kwenye pikipiki. Si lazima mtu azimie. Akilalamika kichwa, akiona kizunguzungu, akiuliza swali moja mara tatu, akisahau pambano lilikuwaje, akisumbuliwa na mwanga, atolewe mchezoni siku hiyo hiyo na asirudi kwa ushujaa. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akilala na kushindwa kuamka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine au mkono mmoja ukiishiwa nguvu, hapo ni hospitali mara moja, si kesho.

Kuna binti wa Kivu ya Kusini ambaye maisha yake yanakaa karibu na haya kwa namna ya ajabu. Yolande Bukasa Mabika alizaliwa Bukavu mwaka 1987, mwaka ule ule wa Rousey. Alicheza judo kama yeye, katika kilo 70 kama yeye. Vita vilimtenganisha na wazazi wake akiwa mtoto, akapelekwa Kinshasa, na huko katika kituo cha watoto waliopoteza familia ndipo alipojifunza mchezo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro na timu ya Kongo kwa mashindano ya dunia, yeye na Popole Misenga. Wote wawili walisimulia baadaye kwa waandishi wa habari kwamba waliachwa hotelini bila pesa wala hati zao na chakula kidogo, na kwamba huko nyumbani mchezaji aliyeshindwa aliweza kufungiwa kama adhabu. Walitoka, wakaomba ukimbizi Brazil.

Miaka mitatu baadaye kamati ya Olimpiki iliunda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi, watu 10, wakiwemo hawa wawili. Mabika alitumaini kwamba ndugu zake, popote walipo, watamwona kwenye televisheni. Tarehe 10 Agosti 2016, katika mji ule ule ambako Rousey alikuwa amepata ushindi wake wa mwisho wa UFC mwaka mmoja kabla, Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Mabika alipangwa na Linda Bolder wa Israel. Alishindwa pambano la kwanza, mapema, akainama kumsalimia mwenzake, akatoka kwenye tatami na kwenda kuzungumza na waandishi waliokuwa wanamngoja.